Mwaka Tuliomchangia Kabula

Mwalimu Verdiana tulimzika mwezi uliopita, na matanga yalipokwisha binti yake aliniita Butimba nimsaidie kufungasha vitu. Ndani ya kabati la vioo pale sebuleni, nyuma ya bilauri za harusi ambazo sidhani kama ziliwahi kunywewa, walikuwa wameketi wadoli wa kitambaa, wamepangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Binti akamchukua mmoja, akampuliza vumbi usoni. "Mama mdogo, hivi hawa ni wa nini? Mama hakuwahi kuturuhusu hata kuwagusa." Nilidhani nitamjibu kwa maneno mawili, nikashindwa. Nikamwomba aweke boksi chini tuketi. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomsimulia mchana ule, pamoja na mengine niliyoyaruka kwa sababu yeye alikuwa na msiba na mimi nilikuwa na aibu.

Ulikuwa mwaka wa katikati ya miaka ya tisini, enzi ya ruksa, mitumba ilipokuwa imekwisha kumwagika kila ukingo wa barabara na maduka ya mjini yameanza kunukia plastiki mpya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumbani kwetu sitawapeleka. Inatosha kusema nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hakuna aliyeyauliza mara mbili, nikapata kazi ya kufagia studio ya Mzee Jayanti, mpiga picha za harusi. Babu yake ndiye aliyefungua duka pale mjini, na wateja waliotoka vijijini aliwasemesha Kisukuma fasaha kuliko changu. Alikuwa na kamera moja ya video, nzito kama mtoto anayeanza kutembea, ya kubebwa begani. Kwanza nilibeba begi la betri. Halafu nilibeba taa. Halafu, kwenye harusi moja kule Ilemela, mgongo wake ulimkataa katikati ya shughuli, akanitwika kamera begani bila kusema neno, na tangu siku ile sikuwa tena mfagiaji tu. Adhuhuri mkewe, Mama Hansa, alitushushia chakula kutoka ghorofani: chapati nyembamba kama karatasi, dengu, na achari ya embe iliyonitoa machozi kila siku na ambayo kila siku niliiomba. Siku nilipopanda ngazi kurudisha sahani ndipo nilipomwona Kabula kwa mara ya kwanza. Walikuwa wadoli kumi na mmoja, wamekaa kwenye rafu chini ya picha za miungu yao, kila mmoja na nguo yake.

Shuleni tulifundishwa kusema mwanasesere, lakini Mwanza nzima ilimwita mdoli, na mdoli mmoja tu ndiye aliyekuwa na jina. Kabula alikuwa na urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, amejazwa pamba, uso wake wa kitambaa cheusi, macho ya uzi, na nywele zilizosukwa mistari kwelikweli, unaweza kuihesabu. Kila mvua za vuli zilipoanza alitoka mmoja mpya. Mwaka huu Kabula nesi, mwaka ujao Kabula mwanakwaya, mwingine Kabula muuza dagaa na beseni lake kichwani. Fundi akishafunga wa mwaka huo harudii tena, hata umlilie. Ndiyo maana kina mama walimtafuta kama watu wanavyotafuta ndugu aliyepotea. Wauguzi, walimu, wake za wafanyabiashara wa samaki, mabibi wa Kihindi, ukiwakuta wawili sokoni wanasalimiana utasikia, "Wa mwaka huu umempata?" Hakuwa wa kuchezewa. Alikaa kabatini, au juu ya redio kwenye kitambaa cha kufuma, na mgeni akiingia humtazama yeye kwanza kabla ya kuketi.

Aliyemtengeneza alikuwa Mama Leokadia wa Igogo, mama wa makamo, mwembamba, mwenye kuongea polepole kama anayechagua mchele. Mume wake alikuwa amefariki zamani na watoto hawakujaliwa. Alikuwa ameshona miaka mingi katika kiwanda cha nguo, na vipande vilivyobaki kiwandani ndivyo vilivyomvalisha Kabula. Chumba chake kilijengwa kwa kuegemezwa kwenye jiwe kubwa, hivyo ukuta wa nyuma ulikuwa jiwe lenyewe; wakati wa mvua lilitoa jasho, na wakati wa kiangazi ungeweza kuegemeza mgongo ukapoa. Kulikuwa na kitanda, cherehani ya mkono, ndoo yenye vifungo, na dirisha dogo lililoonyesha kipande cha ziwa kama kitambaa kilichoanikwa. Mama Hansa ndiye aliyenituma huko mara ya kwanza, kuulizia Kabula wa mwaka ule. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti mbili, nikasita nyuma ya pazia.

"Kiwanda kimetupunguza, Mwalimu. Vitambaa sipati. Na vidole hivi, ona, asubuhi havikunjuki mpaka niviweke kwenye maji ya moto."

"Vitambaa tutanunua."

"Utanunua. Na hao wa plastiki wenye nywele za njano wanaouzwa kule dukani kwa bei ya soda, utawazuia? Nimechoka, Verdiana. Wa mwaka huu ndiye wa mwisho."

Kisha sauti ya Mwalimu, ile ile niliyokuja kuizoea kwa miaka karibu thelathini, ya mtu anayeandika ubaoni huku anasema. "Basi tusimwache aende hivihivi. Hata marehemu hupigwa picha." Nikakohoa, nikaingia, nikasema shikamooni. Mwalimu Verdiana, mkufunzi wa chuo cha ualimu, alinitazama kuanzia kandambili mpaka usoni, akauliza nafanya kazi wapi. Nilipomwambia, akajipiga viganja magotini. "Unaona, Leokadia? Mungu ameleta kamera."

Hakuna kati yetu aliyejua filamu ya kweli inatengenezwaje. Tulijua harusi. Tulijua kwamba jambo likimzidi mtu mmoja huundwa kamati, na kamati hugawa kadi. Kwa hiyo tukakutana sebuleni kwa Mwalimu, Jumapili baada ya misa, watu wanane tukila michembe ya viazi vitamu na chai ya maziwa, na Mzee Jayanti akatutajia yanayohitajika: mikanda, betri, siku za kamera asizoweza kuikodisha kwingine, ukumbi na deki ya kuonyeshea. Mwalimu aliandika kadi kwa mkono wake, tukatoa nakala: "Mama Leokadia wa Igogo ana furaha kukutaarifu kwamba binti yake Kabula anatarajia kupigwa picha ya video. Ili kufanikisha shughuli hii, unaombwa mchango wako." Mama Hansa alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la sari. Mwalimu alisisitiza liwepo na neno moja chini: kila atakayechanga, kwa kidogo au kikubwa, jina lake litaonekana mwisho wa mkanda.

Hilo jina ndilo lililofungua mioyo. Nilitembea na kadi zile mpaka kandambili zikaisha. Wengine walidhani ni harusi ya kweli, wakauliza bwana harusi kabila gani. Mzee mmoja muuza samaki wa mwaloni, kule ufukoni mitumbwi inakoshusha, akasema, "Kama mahari imeshalipwa, mimi nachangia usafiri," na baadaye alipoelewa ni mdoli hakurudi nyuma. Manesi wa zamu ya asubuhi walichanga kwa pamoja. Mama mmoja hakuwa na kitu, akanipa kuku, kuku yule nilimbeba kwapani kutoka Igogo hadi mjini, na Mzee Jayanti, asiyekula nyama, akanitazama akasema, "Devota, huyu naye tuandike jina lake?" Leo watu huchangishana kwa simu, wanabonyeza namba wakiwa kitandani, na sisemi ni vibaya. Lakini nikikumbuka mwaka ule, nakumbuka milango. Nakumbuka nilivyokaribishwa ndani, nikaonyeshwa kabati, nikaelezwa Kabula huyu alinunuliwa mtoto gani alipozaliwa, yule alinunuliwa mume alipopata kazi. Nilikwenda kuomba nikarudi na habari za watu, na habari zile zikawa nusu ya filamu.

Nusu nyingine ilikuwa Mama Leokadia, na hapo palikuwa na sharti. "Mikono tu," alisema siku ya kwanza nilipoweka kamera begani. "Uso wangu usiutie." Nikamuuliza kwa nini. "Nimesema mikono, ng'wana wane." Hilo ni mwanangu, kwa Kisukuma, na alilisema kwa upole, lakini nilielewa jambo limefungwa. Basi kwa wiki sita nilipiga mikono. Nilipiga vidole vikichambua pamba, vikitia uzi kwenye sindano kwa jaribio la nne, vikisuka nywele za Kabula wa mwisho, ambaye hakupewa kazi yoyote: alivalishwa gauni la kawaida na kanga mabegani, kama mtu anayekwenda kumwona jirani. Mchana tulikula pamoja ugali wa udaga wa muhogo na dagaa, yeye akiniuliza habari za harusi nilizopiga, nani alilia, nani alianguka akicheza. Nilianza kwenda hata siku ambazo sikuwa na mkanda.

Na siku moja nilimwiba. Sina neno lingine. Nilikuwa nimeshusha kamera kutoka begani nikaiweka juu ya ndoo ya vifungo, ikimtazama yeye, na taa yake nyekundu nikaiziba kwa kipande cha plasta. Nikamsimulia habari ya bwana harusi mmoja aliyekosea akamvisha pete dada wa bibi harusi. Mama Leokadia alicheka. Hakuwa mtu wa kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, akarudisha kichwa nyuma kwenye lile jiwe, mwanga wa dirishani ukamwangukia uso mzima, meno, makunyanzi, macho mekundu yaliyojaa maji. Dakika tatu. Nilijua nina kitu ambacho sijawahi kukipiga katika harusi yoyote. Nilijiambia moyoni kwamba nafanya kwa ajili yake, kwamba watu waliochanga wana haki ya kumwona, kwamba akishajiona atafurahi. Kwa mtu wa miaka kumi na tisa nilikuwa na sababu nyingi sana.

Mzee Jayanti aliutazama ule mkanda studioni, mikono mgongoni. Alirudisha nyuma, akautazama tena. "Hii ndiyo picha," alisema. "Yote mengine ni kitambaa." Sikuwahi kusifiwa hivyo. Halafu akaniuliza, bila kugeuka, "Alikubali?" Nikaanza kukunja waya wa taa. Akazima deki. "Mimi nimepiga watu tangu kijana. Kuna picha nzuri ambazo sinazo. Kamuulize."

Nilikaa nalo siku tatu. Siku ya nne nikaenda Igogo nikamwambia, nimepiga magoti mlangoni, natazama sakafu. Hakufoka. Alimaliza mshono aliokuwa ameushika, akauma uzi. "Nionyeshe," alisema. Tukashuka mjini pamoja. Mama Hansa akafunga mlango wa studio, akatuacha. Mama Leokadia alikaa kwenye kiti cha wateja, kile chenye pazia la maua nyuma yake, akajitazama akicheka kwenye ile televisheni ndogo. Mara ya kwanza alifunika mdomo. Mara ya pili akasogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Huyu si mimi," alisema. "Huyu ni Kabula."

Nilidhani anamaanisha mdoli. Ndipo aliponieleza, kwa sauti ile ile ya kuchagua mchele. Kabula alikuwa dada yake mkubwa, aliyemfundisha kushona. Waliishi kijijini ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, na wote wawili walipikia kinyesi cha ng'ombe tangu wakiwa watoto, moshi ukawapa macho mekundu. Leokadia aliolewa mjini. Kabula alibaki. Mwaka mmoja watoto wawili wa jirani walikufa kwa homa, na watu wakaanza kumtazama Kabula macho, kwa kuwa kwetu macho mekundu husemwa ni ya mchawi. Mnajua katika nchi yetu jambo hilo huishia wapi. Alitoroka na nguo aliyovaa, akakimbilia kwenye misheni moja mbali na kwao, akapewa kibanda nyuma ya jiko, na mpaka siku ile tuliyokaa studioni alikuwa bado huko. "Mimi naweza kumtengeneza yeye kila mwaka na kumkalisha kabatini kwa watu wenye heshima," Mama Leokadia alisema. "Lakini uso huu ukipita kwenye video, ukafika kwetu, watasema, kumbe yupo na mwingine, na anatengeneza watu kwa vitambaa." Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Futa."

Nilifuta mbele yake. Nilirudisha mkanda kamerani, nikafunika lenzi, nikabonyeza kitufe chekundu, nikarekodi giza juu ya kicheko chake mwanzo hadi mwisho. Ni kazi inayochukua dakika tatu zile zile. Watu wameniuliza nilijifunza wapi kazi hii ya kamera niliyoifanya maisha yangu yote, na huwa nataja kozi na semina. Ukweli ni kwamba nilijifunza hapo, nikiwa nimeshika kamera isiyoona kitu, na mwenye uso ule amesimama kando yangu akisubiri nimalize.

Filamu tulionyesha Jumapili mchana katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu walijaa mpaka wakakaa chini. Walishangilia kabati zao zilipotokea, walimshangilia yule kuku, ambaye kumbe nilikuwa nimempiga picha, na mwishoni walishangilia kila jina walilolisoma, la kwao na la jirani. Mama Leokadia alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Igogo walimfahamu, lakini wengi ukumbini walijua jina lake tu. Taa zilipowashwa, bwana mmoja mnene aliyekaa katikati akainuka. "Safi sana. Lakini fundi mwenyewe yuko wapi? Tumechanga, tumeona vidole tu." Watu wakacheka. Akaona amepata hadhira, akaongeza, "Maana mtu anayetengeneza watu halafu anaficha uso, jamani, kwetu ana jina lake."

Kicheko kilikufa, hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyecheka mwisho. Mwalimu Verdiana alikuwa ameshaanza kuinuka, mkono juu, tayari kumfundisha yule bwana adabu, lakini sauti ilitoka nyuma.

"Mimi hapa."

Alitembea katikati ya watu polepole, wakimpisha, mpaka mbele ya televisheni. Akaishusha kanga mabegani. "Mimi ndiye Leokadia. Nitazameni vizuri, msije mkasema hamkuona. Haya macho ni ya moshi wa jikoni na ya sindano. Mama zenu wanayo." Akamtazama yule bwana. "Mama yako kijijini anapikia nini, baba?" Bwana akasema kitu kisichosikika. "Kinyesi cha ng'ombe," alisaidia mtu, na safari hii aliyechekwa alikuwa mwingine. Akaendelea, akawasimulia habari za dada yake kama alivyonisimulia mimi, hakuongeza wala kupunguza, na ukumbini hakuna mtoto aliyelia. "Mmemchangia Kabula wa kitambaa, nawashukuru. Yupo na Kabula wa nyama na damu. Nilikuwa naogopa kumleta, kwa sababu nilidhani mkimwona mtamfanyia yale yale. Leo mmeniona mimi. Basi semeni."

Aliyeanza ni Mama Hansa, ambaye katika vikao vyote vya kamati hakuwahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya wanane. Alisimama, akarekebisha sari, akasema, "Gari letu la mzigo lipo. Dereva yupo. Jumamosi halina kazi." Yule mzee wa mwaloni akasema, "Na mafuta ni yangu, singoji kadi." Mwalimu Verdiana akatoa kalamu kwenye nywele, kamati ikaketi upya pale pale, na Mama Leokadia akakaa chini sakafuni, kati ya waliokosa viti.

Jumamosi ile tulivuka na kivuko cha asubuhi katika gari la kina Mama Hansa, Mama Leokadia, Mwalimu na mimi. Mzee Jayanti alinipa ruhusa ya kwenda na kamera; niliiacha kwenye rafu. Nilimwona Kabula kwanza kwa mbali, akifagia uwanja wa misheni, na kwa jinsi alivyoinama ningeweza kumchanganya na mdogo wake. Dada wale walishikana mikono, hawakukumbatiana, wakaulizana hali ya afya kama watu waliokutana njiani kwenda kisimani, na ndipo Kabula akaingia kibandani kuchukua mzigo wake, ambao ulikuwa bahasha moja. Njiani, kila mara gari letu lilipopunguza mwendo alishusha kanga kwenye macho.

Gari halikuweza kupanda mpaka nyumbani Igogo, kwa hiyo tulishuka bombani, chini ya mawe, saa za watu kuchota maji. Habari zilikuwa zimetutangulia. Kina mama walisimama kando ya ndoo zao wakitutazama, na Kabula akakaza mwendo, kichwa chini, akishika ukingo wa njia kabisa kama mtu anayempisha ng'ombe. Mwanamke mmoja kijana, mtoto mgongoni, akatua ndoo yake. Akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Kabula aligeuka nyuma kuona ni nani anayesalimiwa. Hapakuwa na mtu. "Ni wewe, dada," Mama Leokadia alimnong'oneza. "Itikia." Baadaye alituambia kwamba kule alikokuwa watu walimpa chakula na nguo, ila salamu hakuna aliyemsalimu, wakubwa waliogopa na watoto walikatazwa, mpaka neno la kuitikia lilikuwa limemtoka mdomoni. Alilitafuta. Mtoto mgongoni akapiga chafya.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Ndipo wa pili akatua ndoo, na wa tatu, na mzee wa duka la mafuta ya taa akatoka mlangoni kwake, na watoto, ambao hupenda jambo lolote linalojirudia, wakapanda nasi mawe yale wakimwamkia kila hatua, wengine mara mbili mbili. Kabula aliitikia wote. Tulipofika mlangoni sauti ilikuwa imemkauka, Mama Leokadia ameshaingia ndani kuwasha jiko, lakini yeye alibaki kizingitini, kanga ameirudisha nyuma hata uso wote ukaonekana, anatazama njia tuliyoijia, kama kuna mwingine bado anakuja.